Mgombea mwenza: mtu tunayempigia kura bila kumuuliza kitu

Chukua kampeni yoyote ya urais hapa Tanzania toka 1995 mpaka hii ya 2025, alafu jaribu kukumbuka ni lini ulisikia mgombea mwenza anabanwa yeye kama yeye, kwamba wewe siku ukiapishwa ghafla utafanya nini na deni la taifa, Muungano utaupeleka wapi, wizara ya fedha unampa nani na nani unamtoa. Hukumbuki maana haijatokea. Tunachojadili ni anatoka upande gani wa Muungano, ni mama au ni baba, ni mpole au ni mkali, atavuta kura za kanda gani, basi, mjadala umeisha. Alafu siku ya kura unaweka tiki moja na hiyo tiki moja inachagua watu wawili, na huyo wa pili ndo ambaye Rais akifariki Katiba inasema aapishwe amalizie kipindi chote kilichobaki. Hamna uchaguzi mdogo, hamna kaimu wa miezi mitatu. Hata kama kipindi kimebaki miaka minne na nusu, ni chake.

Watu wanapenda kumuita makamu tairi la spea. Mi naona tairi la spea tunalionea tu, maana dereva mwenye akili zake kabla ya safari ndefu anashuka analipima upepo. Huyu wetu hapimwi na mtu.

Na ukitaka kujua kwa nini hatumpimi angalia kazi tuliyompa. Ibara ya 47 ya Katiba inasema makamu ni msaidizi mkuu wa Rais kwa mambo yote ya Jamhuri ya Muungano, alafu inataja hasa mambo matatu: amsaidie Rais kufuatilia utekelezaji wa Mambo ya Muungano, afanye kazi atakazoagizwa na Rais, na afanye kazi za Rais pale Rais anapokuwa hayuko kazini au yuko nje ya nchi. Sasa tulia uzisome vizuri. Ya pili inategemea bosi ameagiza, ya tatu inategemea bosi amesafiri, inabaki hiyo moja ya Muungano na yenyewe ni kusaidia kufuatilia, kuamua hayupo. Nenda mbele kidogo Ibara ya 52 inayomhusu Waziri Mkuu uone lugha inavyobadilika, pale unakutana na udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa kila siku wa shughuli za serikali, na juu yake anaongezewa uongozi wa shughuli za serikali bungeni. Kwa protokali makamu yuko juu ya Waziri Mkuu, anapigiwa wimbo, anakaa kiti cha karibu na mkubwa. Lakini katibu mkuu wa wizara mwenye jambo lililokwama anajua fika ni ofisi gani ya kupeleka faili.

Mfano mzuri ni mifuko ya plastiki. Mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais miaka mingi tu, kuna waziri wa nchi wa Muungano na Mazingira, na NEMC, baraza la taifa la kusimamia mazingira, iko huko huko. Mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, na sidhani kama kuna uamuzi wa mazingira uliowahi kugusa watu wengi kwa mara moja kama ule, kila anayeuza na kila anayenunua ulimfikia. Nani alisimama kuutangaza bungeni mwezi Aprili? Waziri Mkuu Majaliwa. Na hakukosea, ndo kazi yake, sababu makamu kwa Katiba hii haruhusiwi kuwa mbunge kwahiyo bungeni hana kiti, hana zamu ya kujibu maswali, jambo la ofisi yake linasemewa na wengine. Muulize mtu wa kawaida leo nani alipiga marufuku plastiki uone kama atakutajia ofisi ya makamu.

Haikuwa hivi toka mwanzo lakini. Muungano ulipozaliwa 1964 tulikuwa na makamu wawili na wote walikuwa na shughuli za kuwatosha, Karume alikuwa makamu wa kwanza huku ndo Rais wa Zanzibar, na Kawawa makamu wa pili akimsaidia Mwalimu kuendesha serikali upande wa Bara na kusimamia Bunge, baadae akawa Waziri Mkuu juu ya hapo hapo. Alafu fuata mstari wote mpaka 1995. Aboud Jumbe alikuwa makamu na Rais wa Zanzibar. Warioba makamu na Waziri Mkuu, Malecela hivyo hivyo, Msuya hivyo hivyo, upande wa pili Idris Abdul Wakil na Salmin Amour walikuwa makamu huku wanaongoza Zanzibar. Yaani kwa miaka 30 hatukuwahi kuwa na makamu ambaye umakamu ndo kazi yake pekee. Alikuwa na wizara za kuziendesha au visiwa vya kuviongoza, na jina la makamu lilikuja kama nyongeza. Hata alipoanguka alianguka na uzito wake, Jumbe Januari 1984 alipobanwa na chama kuhusu muundo wa Muungano aliachia vyote kwa mpigo, urais wa Zanzibar na umakamu, na nchi nzima ilijua kuna kitu kikubwa kimetokea.

Kilichobadilisha ni vyama vingi. Mfumo uliporudi 1992 wakubwa wakapiga hesabu wakaona hatari, kwamba Zanzibar inaweza ikachukuliwa na chama kingine alafu mpinzani akaingia moja kwa moja kwenye kiti cha makamu wa Rais wa Muungano, na siku Rais akiondoka nchi nzima inabadilika chama bila kura. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika, matokeo rasmi ya Zanzibar 1995 yalimpa Salmin asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8, sasa hapo unaongelea pumzi tu. Kwa hofu hiyo, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi huo, 1994, yakaja mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, Rais wa Zanzibar akatolewa kwenye umakamu akabakia mjumbe wa Baraza la Mawaziri, na ukaletwa utaratibu wa mgombea mwenza, Rais akitoka Bara mwenza atoke Zanzibar na kinyume chake. Wazanzibari wengi hilo hawajalisamehe mpaka leo na mi nawaelewa, kiongozi waliyemchagua wao wenyewe alishushwa ngazi, wakapewa mtu aliyechaguliwa na mgombea wa Bara.

Tatizo la 1994 lilitatuliwa, hilo sikatai. Ila katika kulitatua tukatengeneza kitu kipya bila kukikalia chini, kiti chenye heshima zote ambacho hakina kazi yake, na kigezo cha kukipata kikawa kwanza upande unaotoka. Angalia 2010 uone kilivyokuwa kinatumika. Dk. Shein alikuwa makamu wa Rais wa Muungano toka 2001 alipofariki Dk. Omar Ali Juma, akaondoka kwenda kugombea urais wa Zanzibar. Dk. Bilal alikuwa anautaka huo huo urais wa Zanzibar, kwenye mchujo wa CCM akakosa, na muda si mrefu akatangazwa mgombea mwenza wa Kikwete. Sisemi Bilal hakuwa na uwezo, yule ni msomi wa fizikia ya nyuklia na alishakuwa Waziri Kiongozi. Nachosema ni kwamba kwa namna mambo yalivyokwenda kiti cha pili kwa ukubwa cha nchi kilionekana kama cha kumtulizia mtu aliyekosa kingine, na hakuna aliyeshtuka.

Alafu ikaja Machi 2021.

Nataka nikae hapa kidogo sababu ndo mara ya kwanza kile kifungu kilitumika kweli. Magufuli anafariki tarehe 17, mama Samia siku hizo alikuwa kwenye ziara Tanga, usiku ule ule yeye ndo analitangazia taifa, na tarehe 19 anaapishwa Ikulu Dar. Siku mbili. Katika siku mbili hizo watu mitandaoni walikuwa wanauliza maswali ambayo yalitakiwa kuulizwa 2015 au basi walau Oktoba 2020, huyu ana msimamo gani kuhusu korona, atawaacha wale mawaziri, uchumi anauonaje, wapinzani atawafanyaje. Maswali halali kabisa ila yamechelewa miaka sita. Na yeye mwenyewe wala hakuwa mtu asiyejulikana, alishakuwa waziri pande zote mbili na alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba 2014, kwahiyo uzoefu upo. Ila wapiga kura walimpima kwa lipi? Kwa kuwa Mzanzibari na kuwa mwanamke wa kwanza kwenye nafasi ile, na vyote viwili vina maana yake, lakini hakuna kinachokwambia sera ya nchi itageukia wapi asubuhi akiapa. Na iligeuka kweli, korona peke yake ilitosha kuonyesha.

Kilichofuata ndo kinachonikera zaidi. Rais mpya akiwa anatokea umakamu, kiti cha makamu kinabaki wazi, Katiba inamtaka baada ya kushauriana na chama chake apendekeze jina na Bunge lithibitishe kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Sasa pale ndo ilikuwa nafasi ya dhahabu, maana huyu anayependekezwa hajapita hata kwenye ile tiki ya pamoja, wananchi hawajamwona kwenye karatasi ya kura kama mwenza, wanaoweza kumuuliza kwa niaba yetu ni wabunge tu. Tarehe 30 Machi jina la Dk. Mpango likafika Dodoma na siku hiyo hiyo likapita kwa kura zote 363. Kesho yake akaapishwa. Mpango alikuwa waziri wa fedha toka 2015, mtu mzito, pengine hata angeulizwa siku nzima angepita kwa kura hizo hizo. Ndo maana nasema kumuuliza kusingemgharimu chochote, kungetupa sisi rekodi ya mtu ambaye tunajua kwa mfano wa wiki mbili tu zilizopita kwamba anaweza kuwa Rais.

Nje huko hili limewagharimu watu. Harry Truman alikaa makamu wa Rais wa Marekani siku 82, Roosevelt akafariki Aprili 1945 vita ikiwa haijaisha, na ni baada ya kuapishwa ndo anavutwa pembeni na waziri wa vita kuambiwa kuna silaha mpya inatengenezwa, maelezo kamili akaja kuyapata karibu wiki mbili baadae. Bomu la atomiki hilo, na makamu hakuwa na habari. Malawi 2012 ni hadithi nyingine, Joyce Banda alikuwa makamu aliyeshafukuzwa kwenye chama tawala lakini umakamu Rais Mutharika hakuweza kumnyang'anya, na Mutharika alipofariki Aprili 5 kuna mawaziri walijaribu kutafuta njia ya kumruka na ikachukua mpaka Aprili 7 kuapishwa. Wale walimwona ni mpinzani wao aliyekaa ndani, na kusema kweli alishakuwa hivyo.

Hapo ndo tunafika Kenya, ambako wamechukua mfumo unaofanana na wetu wakaunogesha mpaka ukawalipukia. Katiba yao ya 2010 inampa Naibu Rais kazi zinazofanana na hizi zetu, msaidizi mkuu, anakaimu, anafanya anayopangiwa na Rais. Alafu ikamlinda, Rais hawezi kumfukuza. Zamani hiyo haikuwepo, Moi alikuwa anateua na kutengua makamu anavyotaka na baada ya uchaguzi wa 1997 alikaa zaidi ya mwaka bila makamu kabisa na serikali ikaenda. Sasa weka pamoja vitu hivi viwili, mtu aliyechaguliwa tiki moja na Rais, anayeamini nusu ya kura zile ni za kwao, haondoki, alafu kazi anategemea agizo. Ukimchukia humfukuzi, unamnyima kazi. Rais Uhuru Kenyatta alifanya hivyo Januari 2019, akatoa amri ya kuweka kamati ya mawaziri ya kusimamia miradi ya maendeleo na akampa waziri wa mambo ya ndani Matiang'i uenyekiti, Ruto akiwa bado ni Naibu Rais anaenda ofisini kila siku. Ruto akatumia muda uliobaki kujitengenezea uchaguzi wake na akashinda.

Ya Gachagua, naibu wa Ruto, mnayajua lakini kuna kipengele kimoja kidogo ambacho mi naona kinaeleza kila kitu. Septemba 2024 yeye mwenyewe alijitokeza kwenye televisheni akalalamika ametolewa kwenye grupu la WhatsApp ambalo ratiba za Rais zilikuwa zinatumwa, kwahiyo hajui Rais yuko wapi na yeye anatakiwa awe wapi. Watu walicheka sana siku ile. Mi nilichoona ni kwamba mtu wa pili wa nchi, aliyepigiwa kura na mamilioni, madaraka yake ya vitendo yalikuwa yamebebwa na grupu la WhatsApp na adimini akayafuta kwa kidole. Mwezi uliofuata Bunge la Taifa likapiga kura 281 kwa 44 za kumng'oa, Seneti ikamkuta na hatia kwenye mashtaka matano kati ya 11 akiwa hospitali, yale maneno yake kwamba serikali ni kama kampuni na waliompigia kura Ruto ndo wenye hisa nayo yakiwa yameingizwa kwenye kesi. Kesho yake tu Oktoba 18 jina la Kindiki kushika nafasi yake likaletwa na likapitishwa bungeni siku hiyo hiyo. Unaona kufanana na Dodoma? Wao haraka, sisi haraka. Ila nawapa haki yao kwenye jambo moja, Julai 2022 waliwaweka Gachagua na Martha Karua, mwenza wa Raila, kwenye mdahalo wa wagombea wenza laivu, taifa likawaona wakibishana. Sisi hata hiyo hatuna.

Kuna mtu atasema mbona huku hatujawahi kuona makamu anagombana na Rais wake, maana yake mfumo unafanya kazi. Hapana ndugu yangu, kinachofanya kazi ni chama. CCM mambo yanaishia ndani, anayechoka anapumzika kwa utaratibu, kama Januari 2025 pale Dodoma mkutano mkuu ulipoambiwa Dk. Mpango ameomba kupumzika na nafasi ya mgombea mwenza ikaenda kwa Nchimbi. Hamna kelele, hamna Seneti. Lakini hiyo ni nidhamu ya chama kimoja ambacho hakijawahi kukaa nje ya serikali, siyo kinga iliyoko kwenye Katiba. Siku tukipata Rais wa muungano wa vyama viwili, ambaye mwenza wake ametoka chama kingine na ana watu wake, hiyo Ibara ya 47 itatupeleka kule kule kwa Kenya na kwa kasi zaidi sababu ukijumlisha na Bara na Zanzibar ugomvi wa watu wawili unakuwa ugomvi wa nchi mbili.

Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilijaribu kugusa hili ikaja na makamu watatu, wa kwanza mgombea mwenza, wa pili Rais wa Zanzibar, wa tatu Waziri Mkuu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na ndo ikawa mpaka leo. Mi sikuipenda sana ile, naona ilikuwa inagawa vyeo ili kila upande uridhike, Waziri Mkuu anabaki na serikali yake, Rais wa Zanzibar anabaki na Zanzibar yake, na yule wa kwanza anabaki na kusubiri kuagizwa vile vile.

Ningekuwa na uwezo ningempa makamu kitu kimoja cha kwake kilichoandikwa, na kwa hapa kwetu hakuna cha kutafuta mbali, ni Muungano wenyewe. Mgawanyo wa mapato, hoja zinazoitwa kero za Muungano ambazo kila awamu zinaundiwa kamati, hivyo viwe uamuzi wake na sio kufuatilia kwake, aje bungeni na Baraza la Wawakilishi kuvijibia kwa mdomo wake. Akifanikiwa tutajua ana uwezo wa kuongoza, akishindwa pia tutajua mapema. Ila hiyo inahitaji kubadili Katiba na Katiba kwetu ni safari, najua.

Kisichohitaji safari ni kile cha uthibitisho. Katiba imesema jina liletwe na Bunge lipige kura, haijasema lipigwe siku hiyo hiyo na haijakataza mtu kuulizwa. Kanuni za Kudumu za Bunge zinaweza kuwekwa kipengele kwamba anayependekezwa kuwa makamu akae mbele ya kamati angalau siku mbili, laivu, aulizwe na wabunge wa pande zote kabla ya kura. Hiyo haihitaji kura ya maoni, haihitaji theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar, inahitaji wabunge walioko pale Dodoma saivi walete hoja ya kurekebisha kanuni zao wenyewe. Na wa kwenye uchaguzi je, yule mwenza? Huyo ni wa vyombo vya habari na vyama kukubaliana mdahalo mmoja tu, jioni moja, kabla ya 2030.